Zebaki Inapobisha Hodi kwa Bakteria

Kuanzia Mwakitolyo hadi Geita, mchimbaji mdogo humimina zebaki kwenye karai lenye mchanga uliosagwa kwa karasha, hukanda hadi dhahabu ishikwe, kisha hulichoma donge. Sehemu ya zebaki hupaa. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa, na kuteremka na maji ya mvua. Kwenye tope lenye zebaki hiyo wamo bakteria wanaoimudu sumu hii kwa operoni, yaani jeni kadhaa zilizopangwa mstari mmoja na kuamshwa pamoja. Mpangilio huu ulielezwa mwaka 1961 na François Jacob na Jacques Monod wa Paris, waliochunguza jinsi bakteria wa utumboni wanavyowasha jeni za kumeng'enya sukari ya maziwa pale tu sukari hiyo inapokuwepo.

Operoni ya zebaki inalindwa na protini iitwayo MerR, na hapa ndipo ustadi ulipo. MerR hukaa juu ya DNA muda wote, imeishikilia mashine ya kunakili jeni mahali pake bila kuiruhusu ianze. Chembe ya zebaki ikinaswa na MerR, protini hiyo huulegeza msokoto wa DNA kidogo, na kazi huanza papo hapo: protini nyingine huivuta zebaki ndani ya seli, na kimeng'enya MerA huigeuza kuwa mvuke unaotoka nje. Mtu atauliza, kwa nini jeni hizi zisiwake siku zote, ziwe tayari? Kwa sababu kutengeneza protini kunakula nishati, na bakteria anayetumia akiba yake kujilinda na sumu isiyokuwepo hupitwa haraka na jirani anayeitumia kuzaliana.

Wapo wanaotumaini kwamba bakteria hawa watatusafishia marudio. Utafiti wa kuwatumia ndani ya mitambo iliyofungwa, inayonasa mvuke, una maana kubwa. Ila wakiachwa kwenye tope la wazi hawaimalizi zebaki, kwani ni elementi na haiozi. Wanaihamishia hewani tu, na swichi yao inaitetea seli moja, haitutetei sisi. Vilevile bakteria wa aina nyingine, wanaoishi kwenye matope yasiyo na oksijeni, huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, inayojilimbikiza kwenye samaki. Ulinzi wa kweli uanzie kwenye karai, kwa kuchomea ndani ya chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa kimiminika, maana mvuke anaoutoa bakteria ndio ule ule, usio na rangi wala harufu, anaouvuta mchomaji aliyeinamia moto.