Ghala la Nyumbani: Chakula cha Kaya Kutoka Mavuno Hadi Mavuno

Ukipita Katumba, katika Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi, mwezi Julai, utaona mahindi kila upande: juu ya maturubai, barazani, na kwenye magunia yanayosubiri lori. Rudi hapo mwezi Machi. Si ajabu ukakuta mtoto wa nyumba ileile iliyokuwa na magunia anatumwa dukani kununua unga kilo moja, tena kwa mkopo. Shamba halikukosa mvua na wala mwizi hakuja. Kilichokosekana ni hesabu na hifadhi, na hayo mawili ndiyo mada yetu.

Soma makala hii ukiwa na kalamu na karatasi. Maswali ya hifadhi ya chakula hujitokeza kwa sura nyingi: mara kama swali la wadudu waharibifu, mara kama swali la hali ya hewa na kilimo, mara kama mada ya insha. Mtahiniwa anayeelewa kisa kimoja vizuri hujibu yote kwa urahisi kuliko aliyekariri orodha ya "njia tano za kuhifadhi nafaka".

Kwa nini Katumba

Katumba ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kama makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi, wakafyeka miombo na kulima, na baada ya muda walijilisha wenyewe na kuuza ziada. Wengi wao wamekwisha kupata uraia wa Tanzania. Leo mahindi, maharage, mihogo na karanga ndiyo mazao yanayojaza ghala la nyumbani, na Katavi huhesabiwa miongoni mwa mikoa yenye ziada ya mahindi nchini.

Hata hivyo mkoa kuwa na ziada hakumaanishi kila chungu kina chakula. Angalia mvua. Katavi hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, tofauti na Kagera au Kilimanjaro ambako kuna vuli na masika. Msimu mmoja maana yake mavuno makuu mamoja ya mahindi. Kinachoingia ghalani kati ya Mei na Julai lazima kifike hadi mavuno mengine. Huko kwenye misimu miwili, kosa la hesabu huweza kusahihishwa baada ya miezi michache. Katumba kosa hilo hukaa nawe hadi mwaka ugeuke.

Hesabu inayotangulia gunia la kwanza kuuzwa

Chukua kaya ya watu saba. Tuseme kila mmoja hutumia gramu 400 za mahindi kwa siku, ukichanganya wakubwa na wadogo. Kwa siku ni kilo 2.8, na kwa siku 365 ni kilo 1,022. Kwa magunia ya kilo 100 ni kumi na kidogo. Ongeza la wageni, la misiba, na la upotevu usioepukika; weka magunia 12. Kumbuka pia kwamba hesabu hii ni ya dona. Kaya inayokula sembe itahitaji zaidi, kwa sababu kukoboa huondoa pumba pamoja na kiinitete cha punje.

Sasa tuseme kaya hii imevuna magunia 16. Ziada halali ni magunia 4. Lakini Julai kuna sare za shule, kuna deni la mbolea, kuna paa, na mnunuzi yuko mlangoni na fedha taslimu. Baba anauza magunia 9. Yamebaki 7, yaani kilo 700. Gawanya kwa 2.8: siku 250. Ukianza kuhesabu tarehe 1 Julai, mahindi yanakwisha tarehe 7 Machi.

Hadi mwisho wa Juni zinapungua kilo 322, ambazo ni karibu debe 20 ikiwa gunia la kilo 100 ni debe 6. Kwa mfano tu, tuchukulie debe liliuzwa shilingi 8,000 mwezi Julai na sasa linanunuliwa kwa shilingi 15,000. Debe hizo 20 zilileta shilingi 160,000. Kuzirudisha kunagharimu shilingi 300,000. Kaya imelipa shilingi 140,000 kwa ajili ya kutunziwa mahindi yake yenyewe na mtu mwingine. Na hapo hatujagusa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba, ambalo mkulima hulipwa kama gunia moja huku limebeba zaidi ya gunia.

Hasara haiishii kwenye fedha, na hapa watahiniwa wengi husimama mapema mno. Ghala linapopungua wakati wa palizi, baba na mama huenda kufanya kibarua kwenye shamba la mwingine ili wapate unga wa jioni. Magugu ya shamba lao hayangoji. Mahindi mabichi yakianza kukomaa, huchumwa na kuchemshwa kabla hayajawa nafaka. Kwa hiyo njaa ya Machi hupunguza mavuno ya Juni, na ghala la mwaka unaofuata huanza likiwa na pengo. Ukiulizwa "eleza uhusiano kati ya uhaba wa chakula na umaskini wa kaya", mnyororo huu una thamani kubwa kuliko hoja sita zisizoungana.

Je, kaya isiuze kabisa? Ushauri huo ni rahisi kwa asiyedaiwa. Mahitaji ya Julai ni ya kweli. Jambo la busara ni kutenga kwanza magunia ya kula na mbegu za maharage na karanga, kuyaandika kwenye daftari ambalo watu wote wa nyumbani wanaliona, kisha kuuza kilichobaki. Fedha ikipungua, ni afadhali kuuza karanga au kuku kuliko kugusa yale 12. Na ukilazimika kuyagusa, andika pia tarehe mahindi yatakapokwisha. Tarehe iliyoandikwa Julai huwapa muda wa kupanda viazi vitamu; ile inayogunduliwa Machi haina msaada.

Mla ghala kutoka mbali

Wazee wanaweza kukuambia kwamba zamani mahindi yalining'inizwa kwenye magunzi yake juu ya jiko, au yalijazwa kwenye kihenge, yakakaa mwaka mzima. Hawadanganyi. Kilichobadilika ni mdudu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkoani Tabora, jirani na Katavi, alionekana mdudu mdogo wa kahawia iliyokolea ambaye wakulima hawakumfahamu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na Tabora ndiko alikotambuliwa kwanza katika Afrika nzima. Jina lake la kisayansi ni Prostephanus truncatus. Sisi tunamwita dumuzi. Wapo waliompa jina la Scania, kwa heshima ya lori lenye nguvu. Fukusi wa kawaida hutoboa punje moja moja. Dumuzi hupita ndani ya punje, ndani ya gunzi, hata ndani ya makopa ya muhogo na ubao wa ghala, akiacha vumbi la unga nyuma yake. Utafiti uliofanywa Tabora katika miaka ile ya mwanzo ulikuta baadhi ya maghala yamepoteza karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi ndani ya miezi michache.

Dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyoachwa kwenye magunzi, kwa kuwa gunzi humshikia punje imara akiwa anatoboa. Ndiyo maana maofisa ugani walibadili ushauri: pukuchua mapema, pepeta, changanya na dawa ya unga iliyosajiliwa kwa nafaka kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha hifadhi. Usikadirie kwa kiganja. Na kamwe usitumie dawa ya pamba au tumbaku kwenye chakula. Vidonge vya kufukiza ni hatari zaidi: hutoa gesi inayoua mtu haraka kama inavyoua mdudu, na mahindi yaliyofukizwa hayakai kwenye chumba cha kulala. Fukizo ni kazi ya mtu aliyefunzwa.

Njia isiyohitaji dawa ni mfuko usiopitisha hewa, kama ule wa PICS, wenye mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kufumwa nje. Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kiliubuni kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kamerun. Kanuni yake umeisoma kwenye upumuaji: wadudu waliomo hutumia oksijeni iliyobaki na kutoa kabonidioksaidi, oksijeni ikishuka sana, huacha kula, hawazaliani, na mwisho hufa. Kila ukifungua mfuko unawaletea hewa mpya. Kaya yetu ya watu saba humaliza gunia moja kwa siku 36 hivi. Basi fungua mfuko mmoja tu, umalize, ndipo ufungue mwingine. Ukipata tundu dogo kwenye plastiki, mfuko huo hauna tofauti na gunia la kawaida, kwa hiyo ukague kabla ya kujaza. Panya pia wanaujua ubaya wao: weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, uweze kupita pande zote.

Ukavu na sumukuvu

Hakuna mfuko wala dawa inayosaidia mahindi mabichi. Punje zinatakiwa ziwe na unyevu wa takriban asilimia 13. Kama huna kipima unyevu, tafuta chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi hadi robo au theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, imevuta maji kutoka kwenye punje, nazo zimezidi unyevu wa asilimia 15. Rudisha turubai juani. Ikianguka yote chini, umekaribia. Ongeza siku moja ya jua.

Kosa hapa linaua. Mahindi au karanga zenye unyevu huota kuvu, na aina fulani za kuvu, hasa Aspergillus flavus, hutengeneza sumukuvu inayoshambulia ini. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki. Chakula kilikuwa mahindi ya nyumbani. Kupika hakuondoi sumu hii, kwani haivunjiki kwa moto wa jikoni, na kukausha baadaye huzuia kuvu kuongezeka tu bila kuondoa sumu iliyokwisha kutengenezwa. Punje zenye ukungu, zilizovunjika au zilizobadilika rangi zitolewe. Zisipewe kuku, zisifanywe pombe. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa maana kuvu huyo huishi udongoni.

Vingine vilivyomo ghalani

Maharage huingia nyumbani yakiwa tayari na mayai ya wadudu kutoka shambani, hivyo usubiri wa wiki chache ni mrefu. Yakaushe, yachambue, uyafunge kwenye chombo kisichopitisha hewa. Dumu lililooshwa na kukaushwa vizuri linatosha. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva, na kila saa ya ziada jikoni ni kuni za ziada.

Muhogo ni tofauti. Ukishachimbwa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu, lakini ukiwa ardhini husubiri miezi. Shamba lenyewe ndilo ghala. Kaya yenye robo ekari ya mihogo mwezi Machi inaweza kula bila kugusa mahindi mabichi, ingawa muhogo mchungu lazima ulowekwe na kukaushwa kwanza ili kupunguza sianidi.

Unga usagwe kidogo kidogo. Dona ina mafuta ya kiinitete, na huchacha ndani ya wiki chache. Mawese yakae kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na mwanga. Chumvi yenye madini joto ifungwe vizuri mbali na jua na mvuke wa sufuria, kwani unyevu huondoa madini hayo, na ladha haitakuonyesha kwamba yamepotea.

Maswali ya kujipima

1. Kaya ya watu 5 hutumia gramu 400 za mahindi kwa kila mtu kwa siku. Imevuna magunia 9 ya kilo 100 na kuuza 4 tarehe 1 Julai. Mahindi yatakwisha tarehe gani? Hadi tarehe 30 Juni zitapungua kilo ngapi?

2. "Njia za wazee za kuhifadhi mahindi hazikuwa mbaya." Jadili kauli hii ukizingatia tabia za dumuzi.

3. Eleza kibiolojia kwa nini mfuko usiopitisha hewa haupaswi kufunguliwa kila siku.

4. Jirani amepata karanga zenye ukungu. Anasema atazikaanga kwa moto mkali ndipo azile. Mwandikie maelezo ya aya moja ya kumzuia.

5. Nenda kwenye ghala la nyumbani kwenu leo. Hesabu kilichomo, gawanya kwa matumizi ya siku, andika tarehe unayoipata, kisha mwonyeshe mama au baba.