Fahamu: Haki za fundi mwanamke kazini

Kwenye miteremko ya Uluguru, Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi hurithiwa kwa njia hiyo. Lakini shuka mjini Morogoro uingie gereji: karibu kila aliyeshika spana ni mwanamume.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsia, ndoa au ujauzito, na unyanyasaji nao inauhesabu kuwa ubaguzi. Mwajiri anatakiwa kuwa na mpango wa kuondoa ubaguzi, uliosajiliwa kwa Kamishna wa Kazi. Jaribu kuuomba mpango huo kazini kwako. Usishangae bosi akikodoa macho.

Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au 100 kwa mapacha. Anayenyonyesha hupewa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Lakini atanyonyeshea wapi, ikiwa karakana haina hata choo cha wanawake? Hapo ndipo waajiri wengi wanapojificha.

Ukiachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, fungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi, una siku 60.