Jumba la Michezo na Mlango Wake

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikilize. Ninyi watoto wa Kamukuywa mnajua mambo ya mwezi wa Aprili. Saa nane mchana jua linawaka, saa tisa mawingu meusi yanashuka kutoka upande wa Mlima Elgon, na muda si muda mwalimu wa michezo anapuliza kipenga. Mnakimbilia madarasani, wavu unabaki uwanjani ukilowa, na seti ya pili haichezwi tena. Leo nitawasimulia habari za watu waliochoka kusimamishwa na hali ya hewa, na jumba kubwa lililotokana na uchovu huo.

Hadithi inaanzia mbali, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ulikuwa mwezi wa Desemba, 1891. Huko mvua haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa theluji, kwa kuwa wakati wa baridi viwanja vyote vinaganda na hakuna anayecheza nje. Katika chuo cha YMCA kilichofunza walimu wa michezo palikuwa na darasa la vijana 18. Walifungiwa ukumbini, wakafanya mazoezi yale yale ya viungo kila siku, wakachoka, wakaanza utundu. Mwalimu wao, Mkanada wa miaka 30 aliyeitwa James Naismith, akaagizwa abuni mchezo wa kuchezwa ndani.

Naismith alimwomba mtunza jengo amtafutie masanduku mawili. Masanduku yakakosekana, lakini vikapu viwili vya matunda vikapatikana. Basi akavipigilia misumari kwenye ukingo wa roshani, kimoja huku na kingine kule, futi 10 kutoka sakafuni, yaani mita 3 na sentimita 5. Akaandika sheria 13, akawagawa vijana tisa kwa tisa, akarusha juu mpira wa kandanda. Mechi hiyo ya kwanza iliisha kwa bao 1 kwa 0. Vikapu vilikuwa na vitako, kwa hiyo baada ya bao ilibidi mtu apande kuutoa mpira. Vitako vimeshaondolewa, ila urefu wa ile roshani haujabadilika. Pete ya mpira wa vikapu ingali mita 3 na sentimita 5 kutoka chini, iwe Springfield, Nairobi au Bungoma.

Shikeni neno hilo: mchezo ulitangulia, jumba likafuata. Watu walipoupenda mpira wa vikapu, kumbi za mazoezi hazikuwatosha tena watazamaji. Vyuo vikuu vya Marekani vikaanza kujenga majumba makubwa, na mojawapo ndilo ninalotaka mlijue vizuri. Wakati huo liliitwa Cole Field House, nalo liko Chuo Kikuu cha Maryland, karibu na Washington. Lilifunguliwa Desemba 1955, likiwa na nafasi ya watu zaidi ya 12,000.

Kabla hatujaingia ndani, tazameni kwanza jinsi jumba la namna hii linavyosimama. Nyumba ya kawaida ina nguzo na kuta za kati zinazobeba paa. Jumba la michezo haliwezi kuwa na nguzo katikati, kwa sababu mchezaji angeigonga na mtazamaji asingeona kitu. Kwa hiyo mhandisi hutumia vyuma vikubwa vinavyovuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, vikiupeleka uzito wote wa paa pembeni, kwenye kuta na misingi. Paa lenyewe halina budi kuwa juu sana. Sheria za voliboli zinataka angalau mita 7 za hewa tupu juu ya uwanja, maana mpira wa voliboli unapenda kupaa. Tazameni sakafu nayo. Ni ya mbao ngumu zinazonesa kidogo ili magoti yasiumie, na juu yake pamechorwa mistari ya rangi mbalimbali. Rangi moja ni ya mpira wa vikapu, uwanja wa mita 28 kwa 15. Nyingine ni ya voliboli, mita 18 kwa 9. Mchezaji hufuata rangi ya mchezo wake na kuisahau mingine, ndiyo maana sakafu moja inalisha michezo mingi.

Sasa tuingie. Ni tarehe 19 Machi 1966, na ndani wameketi watu zaidi ya 14,000. Inachezwa fainali ya mpira wa vikapu ya vyuo vyote vya Marekani. Upande mmoja wako Kentucky, chuo maarufu chenye vikombe vingi, na wachezaji wake wote ni wazungu. Upande wa pili wako Texas Western, chuo cha mji wa El Paso ambacho wengi hawakukijua. Kocha wao, Don Haskins, amewaanzisha wachezaji watano weusi. Jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana katika fainali hiyo.

Lazima mwelewe siku zile zilikuwaje. Watu weusi wa Marekani walikuwa wakidai haki zao barabarani na mahakamani. Maryland yenyewe ilianza kumpokea mwanafunzi mweusi wa shahada ya kwanza mwaka 1951 tu, miaka minne kabla ya jumba kufunguliwa. Palikuwa na watu wazima, wenye elimu zao, waliosema kwamba timu ya weusi watupu haiwezi kucheza kwa akili wala kwa nidhamu.

Basi mechi ikaanza. Kijana mmoja mfupi wa Texas Western, Bobby Joe Hill, alimpokonya mpinzani mpira akaenda kufunga. Kentucky waliporudi na mpira, akaupokonya tena, akafunga tena. Usiku ule alimaliza na pointi 20. Texas Western walishinda 72 kwa 65, na katika fainali nzima hakuingia mchezaji wao yeyote ila wale weusi saba. Baada ya siku hiyo, vyuo vilivyokuwa vimewafungia vijana weusi nje ya timu zao vilibaki na visingizio vichache sana.

Jumba halikuishia hapo. Jina lake rasmi lilikuwa Jengo la Shughuli za Wanafunzi, na shughuli kweli hazikukosekana. Aprili 1972, Marekani na China zilipokuwa zimeishi kama mahasimu kwa zaidi ya miaka 20, wachezaji wa tenisi ya mezani kutoka China walikuja kucheza na Wamarekani kwenye sakafu ile ile. Mwaka 1974 mwanamuziki Elvis Presley aliimba humo. Januari 1975 ilichezwa humo mechi ya wanawake kati ya Maryland na chuo kidogo cha Immaculata, ikawa mechi ya kwanza ya mpira wa vikapu ya wanawake wa vyuo kuonyeshwa kwa runinga kote Marekani. Maryland walicharazwa nyumbani kwao, lakini wasichana wa nchi nzima waliona kwamba mchezo ule ni wao pia.

Mwaka 2002 timu ya mpira wa vikapu ya Maryland ilihamia jumba jipya. Lile la zamani halikubomolewa. Limegeuzwa mahali pa kufanyia mazoezi ya kandanda ya Kimarekani, na tangu 2021 linaitwa Jones-Hill House. Jina hilo linawaheshimu Billy Jones na Darryl Hill, wanafunzi wa Maryland waliokuwa weusi wa kwanza kucheza katika ligi ya vyuo vya eneo lile, mmoja katika mpira wa vikapu, mwingine katika kandanda ya Kimarekani.

Najua mnajiuliza, sisi tunaingia wapi katika hadithi hii? Tunaingia kwa mlango wa Kitale. Mtoto wa Kitale, Paul Ereng, alisoma shule ya Starehe, Nairobi, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Virginia, jirani na Maryland. Alikuwa mkimbiaji wa mita 400. Mwaka 1988 akajaribu mita 800, na mwaka huo huo akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul. Machi 1989 aliingia chini ya paa, kwenye mashindano ya dunia ya ndani mjini Budapest. Ndani ya jumba, mbio za mita 800 ni mizunguko minne badala ya miwili, na kona ni kali. Ereng alishinda kwa dakika 1 na sekunde 44.84, rekodi ya dunia iliyodumu mpaka 1997. Baadaye alikuwa kocha kwa miaka mingi huko El Paso, katika chuo kile kile kilichoshinda fainali ya 1966, ambacho siku hizi kinaitwa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso.

Nasi hapa nchini tuna jumba letu. Liko Kasarani, Nairobi, sehemu ya uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Humo ndimo Malkia Strikers, timu yetu ya voliboli ya wanawake, walimotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2013 na tena 2015, mashabiki wakipiga kelele hadi paa likatetemeka.

Nimewasimulia haya yote ili niwaambie jambo moja. Majengo yana thamani kwa sababu ya watu wanaoruhusiwa kuingia. Cole Field House lingekuwa na sakafu nzuri na paa refu hata kama weusi, Wachina na wanawake wangeachwa nje. Lakini nani angelikumbuka?

Siku moja mmoja wenu atasoma Chuo Kikuu cha Kibabii, au cha Masinde Muliro kule Kakamega. Mwingine atakaa kwenye bodi ya shule, au atakuwa diwani wa wadi hii na kuulizwa fedha zijenge nini. Mkifika hapo, ombeni jumba la michezo, tena lenye mlango ulio wazi kwa mtoto wa kijijini, kwa msichana na kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Kabla ya siku hiyo, msikae bure. Mvua ikinyesha kesho, mwombeni mwalimu mkuu ruhusa ya kusogeza meza za bwalo ukutani. Meza mbili zikiunganishwa zinatosha kwa tenisi ya mezani. Andikeni sheria zenu, na asiachwe mtu mlangoni.