Rais achaguliwe na nani? (Sehemu ya 3)

Usajili wa wapigakura kuelekea uchaguzi wa 2027 umefufua hoja inayosikika sana Kitui na Makueni: kwamba sisi wa Ukambani, tusio wengi, tungefaidika iwapo rais angechaguliwa na wajumbe wa kaunti, kama Marekani, au na Bunge, kama ulivyopendekeza mswada wa Mbunge wa Tiaty, William Kamket, wa mwaka 2018. Wajumbe 538 wa Marekani tulishawamaliza katika sehemu zilizopita. Leo tuangalie yaliyotupata wenyewe.

Machi 1957 Waafrika walichagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao wanane katika Baraza la Kutunga Sheria. Ukambani ulimpeleka James Muimi. Lakini mkoloni alimpima mtu kwanza. Elimu, kipato, mali, utumishi wa miaka mingi jeshini: kila sifa ilimwongezea mtu kura, hadi tatu. Msomi mwenye mshahara mnono aliingia kituoni na kura tatu, huku mchunga mbuzi wa Ikutha asiye na sifa hata moja akibaki nje.

Uhuru ulifuta kipimo hicho, ila dhana kwamba raia haaminiki kumchagua kiongozi wake haikufa. Katiba ya Jamhuri ya 1964 iliifunga kura ya urais ndani ya kura ya ubunge: ukimchagua mbunge, umemchagua pia mgombea urais ambaye mbunge huyo anamuunga mkono. Kiti cha rais kikibaki wazi, wabunge ndio wangemteua mrithi. Marekebisho ya 1968 yakaleta kura ya moja kwa moja, lakini kwenye maandishi tu. Chama kikawa kimoja na mgombea mmoja. Mwaka 1988 tukapangwa mlolongo kuteua wagombea ubunge, na mchana kweupe foleni fupi ikatangazwa kuishinda ndefu. Hadi 29 Desemba 1992, Mkenya hakuwahi kupewa karatasi ya urais yenye majina mawili.

Funzo ni moja: ukiweka bawabu kati ya raia na rais, bawabu atahongwa. Wajumbe wachache hununuliwa kwa usiku mmoja hotelini; mamilioni hawanunuliki wote, ingawa wapo wanaoiuza kura kwa pakiti ya unga, aibu iwashuke.

Kuhusu sasa, kwa ufupi. Ibara ya 138 ya Katiba ya sasa inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Kura ya Mwingi au Kibwezi basi huhesabiwa mara mbili: katika jumla ya taifa na katika ile robo inayotakiwa ndani ya kaunti yake. Mwaka 2022 William Ruto alivuka nusu kwa kura takriban 70,000. Kitui peke yake ina wapigakura mara kadhaa ya idadi hiyo. Aliyetimiza miaka 18 na hajajiandikisha asilaumu uchache wetu.