Ng'ombe wa Katarikawe wana neno

Ng'ombe wa Jak Katarikawe hawachungwi na mtu. Hakuna fimbo, hakuna kamba, na mara nyingi mchungaji mwenyewe hayupo. Utawakuta wawili wamekaribiana vichwa, shingo zimepishana, samawati ya huyu imeingia kwenye waridi la yule hata hujui mwili mmoja unaishia wapi. Mmoja anakutazama. Mwenzake anatazama kando, kama mtu aliyeulizwa jambo asilotaka kulijibu. Nyuma yao pana mlima, au pengine ni mgongo wa ng'ombe wa tatu. Ukikaa na picha hiyo kwa muda utahisi umeingia nyumba ya watu bila hodi, na mazungumzo yamekatika.

Katarikawe alifariki Nairobi mwaka 2018, mzee wa karibu miaka 80. Waliomwandika kutoka Ulaya walimwita Chagall wa Afrika Mashariki, na jina hilo likamfuata maisha yake yote. Lilimfungulia milango na kumuuzia picha. Lakini naamini pia limetuchelewesha sisi, hasa sisi wa Busia na Tororo, watu wa mifugo na mahari, kumtambua kuwa ni wetu. Anayeoa kwa ng'ombe hahitaji kitabu cha sanaa kutoka Paris ili azielewe picha hizi.

Alizaliwa Kigezi, milimani kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mwaka 1940. Jirani yao ni Ankole, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu zinazopinda kama upinde, na pembe hizo zimejaa katika picha zake. Shule hakuipata. Akashuka Kampala kutafuta riziki kama vijana wengi wa wakati wake, akawa dereva, na bosi wake akawa David Cook, profesa wa fasihi ya Kiingereza wa Makerere. Cook aliona michoro ya dereva wake, akaona kuna kitu. Aliyempa mwongozo wa kisanaa ni Sam Ntiro, mchoraji kutoka Machame, Kilimanjaro, aliyekuwa amesoma na kufundisha hapo hapo Makerere na kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika huru jijini London. Hivyo Mkigezi asiyejua darasa akashikwa mkono na Mchagga aliyesoma London, na katikati ya miaka ya 1960 picha zake zikaanza kutundikwa ukutani watu wazione.

Mahali penyewe palikuwa pamelimwa tayari. Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na desturi yake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi hadithi kisha kuwaacha wachore walichokiona kichwani, badala ya kuwawekea chungu mezani wakinakili. Mwanafunzi wake maarufu kuliko wote alitoka huku kwetu: Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, aliyevuka kwenda Kampala na baadaye akaunda huko ile sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962, mama aliyefungwa vitambaa akimwinua mtoto juu. Maloba alikwenda magharibi kwa njia hii inayopita kwetu. Miaka ikapita, njia hiyo hiyo ikaanza kuwaleta wasanii upande wa pili.

Idi Amin alipindua serikali Januari 1971, na miaka minane iliyofuata iliwatawanya waandishi, wanamuziki na wachoraji wa Uganda. Wengi walikuja Kenya, na aliyetoka Kampala kwenda Nairobi kwa barabara hakuwa na njia ila kupitia Busia au Malaba. Wazee wa huku wanayakumbuka mabasi hayo na mabegi yaliyofunguliwa na askari kandokando ya barabara. Nairobi ilikuwa na pa kuwapokea: Paa ya Paa ya Elimo Njau, iliyoanza mwaka 1965, na Gallery Watatu, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wasanii watatu, Yony Waite, Robin Anderson na David Hart. Katarikawe naye akahamia Nairobi, akaishi huko mpaka mwisho wake.

Gallery Watatu ndiyo iliyomfanya ajulikane duniani. Katikati ya miaka ya 1980 ilichukuliwa na Ruth Schaffner, mama mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na jicho kali kwa wachoraji waliojifunza wenyewe, na mpaka alipofariki mwaka 1996 alipeleka kazi zao mbali sana. Wanunuzi karibu wote walikuwa wageni: wanadiplomasia, watalii, wafanyakazi wa mashirika. Mwaka 2001 jumba la makumbusho la Frankfurt lilimwandalia Katarikawe maonyesho yake peke yake, pamoja na kitabu cha Johanna Agthe kiitwacho kwa Kiingereza Dreaming in Pictures, yaani kuota kwa picha. Mwenyewe alikuwa akisema hivyo hivyo, kwamba picha humjia usingizini, naye akiamka huzifuata kwa brashi.

Hapo ndipo usurealisti unapoingia, na tuukaribishe sawasawa. Mwaka 1924 mshairi André Breton alitoa ilani yake Paris. Breton alikuwa amesomea udaktari, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumia askari walioharibika akili kwa mishindo ya mizinga. Alisikiliza maneno yao yaliyopotoka, akasoma nadharia za Freud kuhusu ndoto, akaamini kwamba akili timamu ya Ulaya, ile iliyoleta vita, ni nusu tu ya binadamu. Wachoraji waliomfuata walitafuta kila hila ya kuipita akili hiyo. Salvador Dalí, kwa mfano, alichora saa za mfukoni zikiyeyuka kama siagi. Marc Chagall, Myahudi wa Vitebsk, hakujiunga na kundi lao, ila ng'ombe wake na maharusi wake wanaoruka juu ya mapaa waliwavutia mno.

Sasa linganisha. Breton na wenzake walilazimika kuuvunja mlango ili waingie ndotoni. Katarikawe hakuukuta mlango huo umefungwa. Kwetu ndoto haijawahi kuwa ugonjwa wala siri ya daktari. Mtu akiota marehemu babu yake amesimama zizini, asubuhi jambo hilo linazungumzwa kwenye uji kama habari nyingine, na pengine mbuzi anachinjwa. Mchongaji Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji na kufanya kazi Dar es Salaam, hakuhitaji ilani alipoanza kuchonga mashetani yenye jicho moja na viungo vilivyopinda, mtindo ambao umeenea dunia nzima. Alikuwa akichonga viumbe ambao jamii yake ilikuwa na majina yao tayari.

Tena ng'ombe wa Chagall huruka. Wa Katarikawe wamebaki chini, miguu imezama kwenye majani, na wana mambo ya nyumbani ya kuyamaliza. Kuna wivu, kuna posa, kuna mjane na mashemeji, kuna mapenzi ya waziwazi ambayo wazee wasingependa yachorwe kwa sura za watu. Kwa kumvisha ng'ombe jambo hilo, anaweza kulisema lote. Hadithi zetu za sungura na fisi zimefanya kazi hiyo tangu zamani, lakini sungura ni mjanja wa kuchekesha. Ng'ombe ni mali na heshima ya ukoo, na akihuzunika huzuni yake ni ya nyumba nzima.

Niliwahi kuipeleka nakala ya picha moja, imechapishwa kwenye karatasi, hadi mnada wa mifugo upande wa Teso. Nilimwonyesha dalali mmoja mzee aliyekuwa amekaa kwenye kivuli akihesabu pesa zake. Picha yenyewe ina ng'ombe watatu: wawili wamesogeleana, wa tatu yuko kando. Hakuuliza nani kachora wala bei gani.

"Mwanangu, hawa ni mke mkubwa na mke mdogo," akasema.

"Umejuaje, mzee?"

"Tazama masikio. Huyu wa kushoto ameyalaza nyuma. Ng'ombe akilaza masikio hivyo, usimkaribie. Na huyu wa pembeni ndiye bwana wao, hana la kusema."

Niliitazama upya. Nilikuwa nimeimiliki nakala ile kwa muda mrefu, nikisifia rangi, na masikio sikuwa nimeyaona kamwe. Yamechorwa kwa mkono laini, hayana mstari wa kuyazunguka, lakini yamelazwa nyuma kweli, na ukishayaona picha nzima inabadilika: ule ukaribu wa vichwa viwili niliodhani ni mapenzi unageuka kuwa ugomvi wa chini kwa chini. Katarikawe alijua mwili wa ng'ombe kama dalali yule anavyoujua. Ndoto yake ina mifupa.

Ndiyo sababu picha hizo hazichakai. Rangi yake ni tamu na rahisi kupendwa: rangi za mafuta zilizosuguliwa zikaingiana mpaka hazina ukingo, zambarau ikielea ndani ya kijani. Wako waliomwiga rangi hiyo, na wengi wameishia kutengeneza mapambo ya hoteli. Nami sitasema kila alichochora kina nguvu sawa. Zipo picha zinazojirudia, tembo wale wale, kukumbatiana kule kule, zinazoonekana zimechorwa kwa mtalii anayewahi ndege. Lakini katika zile zilizo bora, chini ya utamu kuna jambo gumu limelala, na kila mtu aliyewahi kuishi katika familia kubwa atalikuta.

Huku kwetu jambo hilo lina uzito wa pekee. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, Wasamia vilevile, na Wajopadhola wa Tororo ni ndugu wa Wajaluo wa ng'ambo. Wote hao ndoa zao zimepita zizini. Na Teso ya Uganda ilishuhudia zizi likibaki tupu: kuanzia katikati ya miaka ya 1980 wizi wa mifugo wa mabavu ulisomba karibu mifugo yote ya watu, vijana wakakosa mahari na plau zikakosa wa kuzivuta. Kwa mzee aliyeishi miaka ile, ng'ombe wa samawati katika ndoto ya mtu si mapambo hata kidogo.

Isitoshe, sisi tulikuwa na ng'ombe wa kuchorwa kabla ya Kigezi, Makerere wala Paris. Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk katika Teso Kaskazini, pana jiwe kubwa lililoinama likafanya kibanda, na ndani ya kibanda hicho kuna michoro myekundu na myeupe: duara ndani ya duara, mistari, na ng'ombe. Wataalamu wanasema si kazi ya mkono mmoja wala ya zama moja. Maumbo ya kale zaidi yanahesabiwa kuwa ya wawindaji walioishi huku kabla ya wafugaji, na ng'ombe wakaongezwa na waliokuja baadaye, wakachora juu ya yale waliyoyakuta bila kuyafuta. Udongo wa hapo umechimbwa pia, na wachimbaji wakapata kunde zilizoungua zenye umri wa takriban miaka 2,300. Serikali ya Kenya ilipatangaza kuwa eneo la kumbukumbu ya kitaifa mwaka 2004. Ukivuka Malaba ukapita Tororo na Mbale hadi Kumi, utakuta ndugu yake, miamba ya Nyero, yenye duara nyekundu za namna hiyo hiyo.

Simaanishi kwamba Katarikawe alizijua Kakapel na Nyero. Ninachosema ni kwamba mtoto wa shule aliyesimama chini ya jiwe lile, akaona ng'ombe anaelea juu ya duara zisizoeleweka, amepata tayari macho ya kumtazamia Katarikawe. Mwalimu hahitaji kuanza na Breton.

Kizazi kipya kimeanza kurudi kwake. Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na ambaye kazi zake sasa ziko katika majumba makubwa ya dunia, huchora juu ya lubugo, kitambaa cha Buganda kinachopigwa kutokana na gome la mtuba, na picha zake zimejaa nyani, umati wa kisiasa na njozi. Alipoandaliwa maonyesho makubwa Munich mwaka 2020 na kisha Royal Academy ya London mwaka 2021, hakukubali kusimama peke yake. Alitenga sehemu aliyoiita Mwili, Akili na Roho, akawaweka humo wakubwa wake wa Afrika Mashariki, akiwemo Katarikawe, pamoja na Theresa Musoke, Sane Wadu, Meek Gichugu na wengine. Pia alianzisha taasisi ya sanaa Nairobi ili kazi za wakubwa hao zionekane na kutunzwa nyumbani. Heshima ya namna hiyo kwa waliotangulia ni adimu, na inastahili kutajwa kwa sauti.

Ila Nairobi bado ni mbali kwa mtoto wa Amukura au Osukuru. Picha halisi zimeshika njia zake, nyingi ziko kwenye kuta za watu binafsi Ulaya na Marekani, na hazitarudi kesho. Lakini nakala nzuri zilizochapishwa kubwa, kwa ruhusa ya wenye haki, zinaweza kutundikwa Kakapel mwaka huu, na nyingine Tororo, pamoja na meza, karatasi na rangi kwa watoto wanaokuja kuliona jiwe. Kaunti ya Busia na Makumbusho ya Kitaifa wana eneo lenyewe tayari. Gharama ya nakala moja haifiki bei ya ndama.