Ni Nani Hutuchorea Banda Letu?

Maonyesho makuu ya kimataifa huelezwa madarasani mwetu kana kwamba ni masoko tu ya bidhaa, bendera na ngoma. Jengo lenyewe halitajwi. Ilhali jengo ndilo kauli ya kwanza ya taifa. Mgeni hulisoma kabla hajaiona kahawa wala vinyago vilivyomo ndani. Basi mwanaisimu ana haki ya kuuliza: msemaji ni nani, naye anasema kwa niaba ya nani?

Tuchukue Maonyesho ya Milki ya Uingereza yaliyofunguliwa Wembley, London, Aprili 1924. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilitiwa, pamoja na makoloni mengine, katika jengo moja lililojengwa kwa mtindo wa Kiarabu wa pwani. Mkulima wa Njoro na mfugaji wa Baringo wakasemewa na kuta ambazo hawakupata kuziona. Usanifu wa pwani ni fahari yetu sote, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wale walioamua peke yao kwamba huo ndio uso wetu.

Na uteuzi huo haukuishia kwenye kuta. Mnamo 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa kando. (Wamombasa hawajasahau.) Ni muongo ule ule, na wateuzi wa aina ile ile.

Uhuru ulipopatikana, tulikwenda Montreal mwaka 1967. Huko Kenya, Uganda na Tanzania zilishirikiana na nchi nyingine za Afrika katika jumba moja lililosanifiwa na John Andrews, Mwaustralia aliyefanya kazi Kanada. Bendera zilikuwa zetu. Mchoro haukuwa wetu. Katika maonyesho ya Dubai ya 2021 hadi 2022, kila taifa shiriki, na yalikuwa zaidi ya 190, lilipata banda lake. Hiyo ni hatua. Lakini kuwa na chumba chako si sawa na kukichora.

Kwa walimu wa Free Area, kielelezo hakiko mbali. Kilima cha Hyrax Hill kiko jirani, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Mary Leakey alichimba hapo kuanzia 1937, akafukua misingi ya nyumba za mawe na yale yaitwayo mashimo ya Wasirikwa: mazizi yaliyochimbwa ardhini, nyumba ya mwenye mifugo ikiwa imeambatana na zizi. Huo nao ni usanifu, uliobuniwa na watu waliojua thamani ya ng'ombe. Wanafunzi wangapi wa Nakuru wamepelekwa pale na utepe wa kupimia na karatasi ya kuchorea?

Maonyesho yajayo yamepangwa kufunguliwa Riyadh, Oktoba 2030. Wizara husika na itangaze mapema shindano la michoro ya banda la Kenya, liwe wazi kwa wanafunzi wa vyuo vyote, na masharti yake yaandikwe kwa Kiswahili.