Umeme Ukirudi kwa Nguvu

Je, umewahi kushangilia taa kuwaka baada ya giza la saa nyingi, mara ukasikia harufu ya kuungua ikitoka kwenye friji? Sisi wa Haneti tumeisikia.

Ilikuwa Januari, mvua zimekolea. Katika kikundi chetu cha kanisa yuko mama mjane ambaye mwanawe anaishi kwa sindano za insulini. Tulikuwa tumechanga tukamnunulia UPS, yaani betri ya akiba, ili friji la dawa lisizimike. Usiku ule radi ilipiga, umeme ukakatika. UPS ikalia kidogo, ikanyamaza. Umeme uliporudi, friji halikuwaka tena, na UPS nayo ilikuwa imekufa.

Alfajiri tuliziweka chupa za insulini kwenye kisanduku cha baridi, tukizifunga kwa kitambaa zisigusane na barafu, kwa maana insulini iliyoganda haifai tena. Tukazipeleka kwenye friji la zahanati. Dawa ilipona, lakini fedha za wajane na wakulima zilikuwa zimeteketea.

Fundi alipokuja alitueleza kwa upole kwamba kosa lilikuwa letu. Tulidhani betri ni ngao.

MAADUI NI WAWILI

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Adui wa kwanza ni umeme unaopanda ghafla, kama ule wa radi. Hufika maelfu ya volti na kupita kabla hujapepesa jicho. Huyu hushikwa na kinga yenye kipande kidogo ndani kinachounyakua umeme uliozidi na kuupeleka ardhini.

Adui wa pili ni umeme unaokaa juu mno au chini mno kwa dakika nyingi. Kinga ile haimwezi. Yeye huzuiwa na kifaa kinachokata umeme chenyewe, kisha kinangoja dakika chache kabla ya kuurudisha. Madukani hukiita friji gadi.

UPS kazi yake ni kukupa muda. Nyingi zina kinga ndani yake, lakini ni ndogo.

TULIPOKOSEA

Kwanza, tuliunganisha friji kwenye UPS ndogo. Mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida yake, na UPS ya kompyuta haiwezi mzigo huo.

Pili, kati ya UPS na friji tuliweka ekstensheni yenye kinga. Baadhi ya UPS zinapotumia betri hutoa umeme usio laini kama wa ukutani. Kinga huweza kuudhania kuwa ni hitilafu, ikaibebesha UPS mzigo bure. Watengenezaji wengi hushauri UPS ichomekwe moja kwa moja ukutani. Ukitaka kinga zaidi, fundi aifunge kwenye ubao mkuu wa umeme.

Tatu, waya wa ethi ulikuwa umelegea. Bila ethi, umeme uliozidi utapelekwa wapi? Kwetu Dodoma ardhi hukauka kuanzia Mei hadi Novemba, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Mwambie fundi achimbie chuma cha ethi chini sana na akipime kwa kifaa chake.

UNAPOKWENDA DUKANI

1. Hakikisha kifaa ni cha volti 220 hadi 240. Cha Marekani cha volti 120 kitaungua.

2. Tafuta namba yenye herufi J. Inavyokuwa kubwa, ndivyo kinga inavyostahimili zaidi. Ekstensheni isiyo na namba hiyo huenda ni ya kugawa umeme tu.

3. Chagua yenye taa inayoonyesha kwamba kinga ingali hai. Kinga huchakaa kila inapopigwa, na nyingine huendelea kupitisha umeme hata ikiwa imekufa.

4. Angalia alama ya TBS, na udai risiti.

5. Jumlisha wati za vyombo vyako kabla ya kuchagua UPS. Pasi na jiko visiguse UPS.

Hata kinga nzuri haizuii radi iliyopiga karibu. Mawingu yakikusanyika, chomoa vyombo, pamoja na waya wa antena. Fanya hivyo pia umeme ukikatika kwa muda mrefu, kama Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, gridi ya taifa ilipopata hitilafu. Ukirudi, ngoja utulie kwanza.

Tulichanga tena, tukapata friji lililotumika, safari hii na friji gadi. UPS mpya inahudumia taa na simu tu. Na mama yule ameweka mtungi wa maji kivulini, kwa sababu chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa siku kadhaa, kadiri karatasi yake inavyoeleza, mradi isipate joto kali.

Kabla hujanunua betri, mama mwenzetu, mwite fundi akague ethi.